Kutafuta Kazi Ugenini na Kutembea Katika Ardhi

Hakuna neno linalotajwa sana na vijana wetu wa Afrika Mashariki siku hizi kama neno hili "nje". Nje kuna kazi, husema. Nje kuna mshahara, nje kuna heshima. Mwenye kwenda nje husindikizwa na ukoo mzima, na mwenye kubaki huulizwa kila Ijumaa, "Wewe bado upo tu?" Kwa hiyo yafaa tulitazame jambo hili kwa taa ya dini, maana dini ya Islam haikumwacha mwanadamu gizani katika jambo lolote linalohusu mkate wake, miguu yake na moyo wake.

Kijana mmoja aliyeingia katika Uislamu si zamani sana ameniandikia barua yenye swali ambalo naamini ni la wengi. Anasema kwamba kwa miaka mitatu aliweka akiba ili apate kazi ya udereva katika nchi moja ya Ghuba. Mjomba wake naye akamwongezea fedha kwa ajili hiyo. Ilipofika siku ya kutia sahihi, wakala akamletea mkataba ulioandikwa kwa lugha asiyoijua, akamwambia atie sahihi kwanza na maelezo atayapata atakapofika. Tena akamwarifu kwamba pasi yake ya kusafiria itakaa kwa mwajiri muda wote. Kijana akarudisha kalamu mezani. Sasa fedha ingali mkononi mwake, naye anatamani kuitumia kwa kusafiri tu: ashuke Kilwa, apande Tanga, Mombasa na Lamu, kisha avuke bara mpaka Kampala, aone misikiti, aone watu na kazi zao, halafu arejee nyumbani. Jamaa zake wanamcheka. Wanasema, "Wenzako wanakwenda kuleta fedha, wewe wataka kwenda kuzimwaga." Naye anauliza: Je, nimeikataa riziki niliyoletewa na Mungu? Na safari ya namna hii si israfu?

Maswali haya mawili ni mazito, na kila moja lastahili jibu lake.

Je, kukataa mkataba ni kukataa riziki?

Kwanza ifahamike wazi kwamba Islam haimlaumu mtu anayekwenda mbali kutafuta riziki. Katika Sura Al-Jumua Mwenyezi Mungu anawaagiza waaminio, baada ya kumaliza Sala, watawanyike katika ardhi na kutafuta fadhili Zake. Katika Sura Al-Mulk anatufahamisha kuwa ardhi imefanywa nyepesi kwetu ili tupite katika pande zake na kula katika riziki Yake. Na katika Sura Al-Muzzammil, Mwenyezi Mungu anapowapunguzia waja Wake ibada ya usiku, anawataja pamoja wagonjwa, wanaosafiri kutafuta fadhili za Mungu, na wanaopigana katika njia Yake. Tazama heshima aliyopewa msafiri wa riziki: amewekwa safu moja na mpiganaji! Wapo ndugu zetu wengi waliokwenda ugenini kwa njia iliyo sawa, wakajenga nyumba za wazazi wao na kuwasomesha wadogo zao. Hao tunawaombea baraka.

Lakini Kurani Tukufu haikuishia kuruhusu tu. Imetuonyesha pia mkataba wa kazi ya ugenini unavyopaswa kuwa. Soma habari za Hadhrat Musa a.s. katika Sura Al-Qasas. Alitoka Misri akiwa mkimbizi, hana fedha, hana mwenyeji. Alipofika kwenye maji ya Madyan aliwakuta wachungaji wakinywesha wanyama wao, na wanawake wawili wamesimama kando wakiwazuia wa kwao. Akawanyweshea, kisha akarudi kivulini na kumwomba Mola wake, akikiri kwamba ni mhitaji wa kheri yoyote atakayomteremshia. Angalia utaratibu huu, ndugu msomaji: alifanya kazi kwanza bila ujira, ndipo akaomba. Na ujira ukamjia kwa miguu yake. Mmoja wa wale mabinti alimshauri baba yake amwajiri, kwa sababu mwajiriwa aliye bora ni yule mwenye nguvu na mwaminifu.

Basi mkataba waliofunga ulikuwaje? Kwanza, muda wake ulijulikana: miaka minane, na kama Musa akipenda, kumi. Pili, mwenye kazi alitamka wazi kwamba hataki kumtaabisha, na kwamba akipenda Mungu Musa atamwona kuwa mtu mwema. Tatu, Musa alisema naye, hakuitika tu. Alitamka kwamba muda wowote kati ya hiyo miwili atakaoutimiza, asidhulumiwe kwa kutakiwa zaidi. Nne, Mwenyezi Mungu ndiye aliyefanywa shahidi. Na muda ulipotimia, Musa aliondoka na jamaa zake bila kuzuiliwa na mtu. Huo ndio mkataba wa mgeni asiye na kitu, katika nchi isiyo yake, maelfu ya miaka kabla ya ofisi zetu za leo!

Sasa linganisha na mkataba alioletewa kijana wetu. Lugha yake haijulikani. Basi muda na ujira vitajulikana vipi? Pasi imo mkononi mwa mwajiri. Basi siku ya kuondoka itaamuliwa na nani? Si jambo la kuwaziwa tu. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wanawake wa Tanzania waliofanya kazi za nyumbani Oman na katika Falme za Kiarabu, na wengi waliohojiwa walieleza kwamba pasi zao zilichukuliwa na waajiri. Ni kweli kwamba sheria nyingine zimerekebishwa. Kwa mfano, mwaka 2020 Qatar iliondoa sharti la mfanyakazi kupata kibali cha mwajiri wake wa kwanza kabla ya kuhamia kazi nyingine. Lakini sheria iliyoandikwa kwenye karatasi na desturi iliyomo ndani ya nyumba ni vitu viwili, na anayetia sahihi asichokisoma amejinyima hata ulinzi wa hiyo karatasi.

Na tusidhani kwamba dini inaangalia dhuluma hii kwa jicho jepesi kwa kuwa mwajiri ni Mwislamu au nchi yake ni ya Waislamu. La, hasha! Mtume Mtukufu s.a.w. ameeleza kwamba miongoni mwa watu watatu ambao Mwenyezi Mungu Mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemwajiri mfanyakazi, akachukua kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Ninyi mlioingia karibuni katika dini hii, shikeni jambo hili sana. Mkiona Mwislamu anadhulumu, pimeni matendo yake kwa Kurani. Msiipime Kurani kwa matendo yake.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni hili: kijana huyu hakuikataa riziki. Riziki iko kwa Mwenyezi Mungu, na wakala si mshika funguo zake. Wazee wetu walisema kwamba riziki kama ajali, huitambui ijapo. Mtume Mtukufu s.a.w. alimwambia yule bedui amfunge kwanza ngamia wake, kisha amtegemee Mungu. Na kuusoma mkataba kabla ya kuutia sahihi ndiko kumfunga ngamia. Anayeuacha mkataba mbovu kwa kumtegemea Mungu amefunga ngamia na kutegemea pia.

Nabii mmoja, safari mbili

Tuje katika swali la pili, ambalo ni gumu zaidi. Je, yafaa Mwislamu mwenye akiba ndogo aitumie kwa kusafiri tu, bila biashara wala mshahara?

Hapa tena Hadhrat Musa a.s. ni mwalimu wetu. Kurani Tukufu inamtaja katika safari ya Madyan, alikopata kazi, mke na makao. Lakini katika Sura Al-Kahf inamtaja katika safari nyingine isiyokuwa na ujira wowote. Aliazimia kwenda mpaka mahali zinapokutana bahari mbili, hata kama itamlazimu kutembea miaka na miaka. Alichukua kijana mmoja na samaki mmoja kwa chakula, na hata huyo samaki akapotea. Alitafuta nini? Alimtafuta mja mmoja wa Mungu aliyepewa elimu, ili amfundishe. Safari ile haikumletea hata dirhamu moja. Alichorudi nacho ni subira, na fahamu ya mambo ambayo hapo kwanza aliyaona kwa juu tu. Basi nabii mmoja alisafiri kwa tumbo, na nabii yuyo huyo akasafiri kwa akili, na Mwenyezi Mungu akazihifadhi safari zote mbili katika Kitabu Chake.

Masahaba nao walifuata njia hiyo. Hadhrat Jabir bin Abdullah r.a. alipata habari kwamba kuna hadithi moja ambayo Abdullah bin Unais r.a. aliisikia kwa Mtume Mtukufu s.a.w., naye yuko Sham. Jabir alinunua ngamia, akasafiri mwezi mzima, akabisha hodi, akaisikia hadithi ile moja. Lau angehesabiwa kwa hesabu ya jamaa wa kijana wetu, wangesema amepoteza ngamia na mwezi kwa ajili ya maneno machache. Lakini ni kwa miguu ya watu wa namna hiyo ndipo elimu ya dini ilipotufikia sisi.

Tena kutembea katika ardhi ni agizo linalorudiwa mara nyingi katika Kurani Tukufu. Katika Sura Al-Ankabut watu wanaambiwa watembee wapate kuona jinsi Mungu alivyoanzisha uumbaji. Katika Sura Al-Hajj wanaulizwa kama hawajatembea katika ardhi ili wapate nyoyo za kufahamia na masikio ya kusikilizia. Na hapo hapo tunaelezwa kwamba upofu ulio mbaya si wa macho, bali ni wa nyoyo zilizomo vifuani. Na katika Sura Al-Hujurat tunaambiwa kwamba mataifa na makabila yamewekwa ili tujuane. Mtu atamjuaje asiyemwendea?

Hakimu aliyeiacha kazi

Pengine mtu atasema, "Hao ni manabii na masahaba. Tuletee mtu wa kawaida." Vyema. Na tumchukue mtu ambaye nyayo zake zilikanyaga pwani yetu hii.

Ibn Battuta alizaliwa Tangier, katika nchi ya Morocco, mwaka 1304. Mwaka 1325, akiwa kijana wa miaka 21, aliwaaga wazazi wake akaenda kuhiji. Baada ya Hija hakurudi. Mwaka 1331 alishuka na jahazi kupitia Mogadishu na Mombasa mpaka Kilwa. Mombasa alilala usiku mmoja tu, lakini usiku huo ulitosha kumwonyesha kwamba watu wake ni wacha Mungu, kwamba misikiti yao imejengwa kwa mbao kwa ustadi, na kwamba penye milango ya misikiti pana visima, na chombo cha mti chenye mpini mrefu cha kutekea maji, ili anayeingia aoshe kwanza miguu yake. Kilwa alimkuta Sultani Hasan bin Suleiman, aliyeitwa Abul-Mawahib kwa wingi wa vipawa vyake, naye akashuhudia fakiri mmoja wa Yemen akimwomba Sultani nguo alizovaa, na Sultani akaingia ndani, akavaa nyingine, akampa zile. Wenyeji waliyaona mambo haya kila siku, na mgeni aliyepita kwa usiku mmoja ndiye aliyeyaandika. Hiyo ndiyo faida ya jicho la msafiri, na karibu miaka 700 baadaye sisi bado tunakula matunda yake.

Lakini mtu huyu huyu naye alitafuta kazi ugenini. Alisikia kwamba Sultani wa Delhi, Muhammad bin Tughluq, anawapenda wageni na kuwapa vyeo. Akakopa kwa wafanyabiashara ili anunue zawadi za kumpelekea, kwa kutumaini kwamba atarudishiwa maradufu. Akapata kazi ya ukadhi, kwa mshahara wa dinari 12,000 kwa mwaka. Je, akatajirika? Madeni yake yalifikia dinari 55,000, na ikabidi amwombe Sultani mwenyewe amlipie! Kisha Sultani akamkasirikia sheikh mmoja aliyekataa kumtumikia, akamwua. Na kwa kuwa Ibn Battuta alikuwa amemzuru sheikh yule, naye akawekewa walinzi, akasubiri kifo siku baada ya siku, akifunga na kusoma Kurani. Mwenyezi Mungu alipomwokoa, aliiacha kazi, akagawa mali yake kwa masikini, akavaa nguo za fakiri, akakaa na mcha Mungu mmoja nje ya mji. Baadaye Sultani alimwita tena, akijua jinsi anavyopenda safari, akamtuma awe mjumbe wake kwenda China. Ndivyo alivyotoka Delhi akiwa hai, baada ya kukaa huko yapata miaka minane.

Ndugu msomaji, pima mwenyewe. Ukadhi ule, mshahara ule, nyumba ile, vimebaki wapi leo? Hakuna anayemkumbuka Ibn Battuta kwa hukumu alizozitoa Delhi. Anakumbukwa kwa macho yake na masikio yake, na kwa kile kitabu alichomsomea Ibn Juzayy akakiandika mjini Fez, kikamalizika mwaka 1356.

Hata hivyo sitakuwa mwaminifu nikikuonyesha upande mmoja wa sarafu. Mwaka 1348, Ibn Battuta alipofika Damascus katika safari ya kurudi, alimwuliza habari mtu wa kwao. Akaambiwa kwamba baba yake alikwisha kufa yapata miaka kumi na mitano iliyopita, na mama yake yu hai. Katika mji huo huo alikuwa amemwacha mke mwenye mimba zaidi ya miaka ishirini nyuma. Akaja akaelezwa kwamba mtoto aliyezaliwa alikwisha kufa zamani, naye hakupata kumwona. Akashika njia ya Morocco. Kabla hajafika Tangier, habari ikamjia kwamba mama yake naye amekufa kwa tauni, miezi michache tu kabla ya kurudi kwake. Mtu aliyeuona ulimwengu wote uliojulikana zama zake alirudi kuyaona makaburi mawili. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini si kila arejeaye humkuta aliyemwacha.

Kwa hiyo safari inaweza kuwa nuru, na inaweza kuwa namna ya kukimbia haki za watu. Mizani ni ipi?

Mizani tatu

Mizani ya kwanza ni nia. Mtume Mtukufu s.a.w. ametufundisha kwamba matendo huhesabiwa kwa nia, na akatoa mfano wa safari hasa: aliyehama kwa ajili ya Mungu na Mtume Wake, kuhama kwake ni kwa Mungu na Mtume, na aliyehama kwa ajili ya dunia au mwanamke wa kumwoa, basi kuhama kwake ni kwa hicho alichokifuata. Jiulize: nasafiri ili nione, au ili nionekane? Anayekwenda Kilwa apate picha elfu za kuwaonyesha majirani hakwenda Kilwa. Amekwenda kwa majirani kwa njia ndefu. Na anayetoka kwa hasira ya kukosa kazi, ili tu asiwaone wanaomcheka, atambue kwamba hasira hupanda naye katika basi lile lile.

Mizani ya pili ni haki za watu. Mtume Mtukufu s.a.w. amesema kwamba yatosha kuwa dhambi kwa mtu kuwapuuza wale anaopaswa kuwalisha. Mtu mmoja alimjia akitaka kwenda katika jihadi. Akamwuliza kama wazazi wake wako hai, na alipoitika, akamwagiza akajitahidi katika kuwatumikia hao. Ikiwa jihadi ilisubiri kwa ajili ya wazazi, sembuse matembezi? Hapa nataka kijana aliyeniandikia anisikilize vizuri. Sehemu ya fedha yako ilitoka kwa mjomba wako, naye aliitoa kwa ajili ya kazi ya Ghuba. Kazi hiyo haipo tena. Basi fedha ile si yako ya kutembelea. Ni amana. Mrudishie yote, mkononi, kabla hujakata tikiti yoyote. Akikuambia kwa hiari yake, "Itumie", hapo itakuwa yako. Lakini usimwulize kwa namna itakayomwonea haya kukataa. Kisha tazama nyumbani: kama mama yako anahitaji dawa, au kama wapo wanaokula kwa mkono wako, watengee chao kwanza. Kinachobaki baada ya hapo ndicho mali yako ya safari. Huenda kikawa kidogo. Hapana ubaya: safari fupi ya halali ni bora kuliko safari ndefu iliyolipiwa na machozi ya mtu mwingine.

Mizani ya tatu ni matunda na mwisho wa safari. Sura Bani Israili inatukataza kufuja mali, na kuwaita wafujaji ndugu wa mashetani. Tofauti ya kutumia na kufuja ni matunda. Kabla hujatoka, andika unachokitafuta: kujifunza ufundi fulani kwa kuutazama, kuongea na wanazuoni, kuzuru mahali pa historia, kuungana na jamaa mliotengana. Na uweke siku ya kurudi. Mtume Mtukufu s.a.w. ametufahamisha kwamba safari ni sehemu ya adhabu, humnyima mtu chakula chake, kinywaji chake na usingizi wake. Basi akishamaliza haja yake na afanye haraka kurudi kwa jamaa zake. Laiti mashauri hayo yangefuatwa na kila msafiri, ni wazazi wangapi wangeonwa wakiwa hai!

Yule anayezipita mizani hizi tatu, basi na asafiri, na asijali kicheko. Wala hana haja ya kuvuka bahari. Kilwa Kisiwani imo katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, na magofu ya msikiti wake mkuu yangali yamesimama. Lakini ni vijana wangapi wa Dar es Salaam wanaojua njia ya Dubai na hawajui njia ya Kilwa? Ukisimama pale, utaona kwamba nchi hii, ambayo watoto wake wanaiona haina kitu, ndiyo iliyokuwa "nje" ya watu wengine. Watu wa Yemen, wa Uajemi na wa Bara Hindi walipanda majahazi kuja kutafuta riziki huku. Katika chuo ninachofundisha, mbali na Afrika Mashariki, wanafunzi wa mataifa mengi huuliza habari za Kilwa. Na ni aibu kijana wa pwani kusimuliwa habari za kwao na mgeni.

Adabu za msafiri

Kwa faida ya wale walioingia karibuni katika Islam, na wale wanaoichunguza dini hii, yafaa kueleza kwamba Mwenyezi Mungu amemhurumia sana msafiri. Sala za Adhuhuri, Alasiri na Isha zenye rakaa nne huzisali rakaa mbili mbili. Alfajiri na Magharibi hubaki kama zilivyo. Anaweza kuunganisha Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Mwezi wa Ramadhani ukimkuta njiani, ameagizwa kutimiza hesabu ya saumu katika siku nyingine. Msafiri aliyekwama bila masurufu ni mmoja wa wale makundi manane wanaostahili Zaka, hata kama kwao ni tajiri. Na Mtume Mtukufu s.a.w. ametaja dua tatu zinazokubaliwa bila shaka: dua ya aliyedhulumiwa, dua ya msafiri, na dua ya mzazi kwa mwanawe.

Fikiri juu ya hizo tatu, ndugu yangu. Mfanyakazi aliyenyimwa ujira wake ugenini anayo ya kwanza. Wewe ukiwa njiani unayo ya pili. Na mama yako aliyebaki nyumbani anayo ya tatu. Basi usitoke bila kuiomba dua yake, na ukiwa safarini usiitumie dua yako kwa kujiombea nafsi yako peke yako. Waombee wale ndugu zetu walio katika nyumba za watu, ambao pasi zao zimefungiwa sandukuni, nao hawana wa kumweleza ila Mola wao.

Na ukirudi, rudi kazini. Mtume Mtukufu s.a.w. ametuambia kwamba hakuna chakula bora kuliko kile mtu anachokula kwa kazi ya mkono wake, na kwamba Hadhrat Daudi a.s., pamoja na ufalme wake, alikula kwa kazi ya mikono yake. Safari ya kujifunza isiwe mlango wa uvivu. Mwenye shoka hakosi kuni. Nawe huenda ukalipata shoka lako mahali ambapo hukulitazamia, katika karakana ya fundi wa Tanga au penye majahazi ya Lamu.

Mwenyezi Mungu awalinde wote walio ugenini kwa ajili ya riziki ya halali, awatoe walio katika dhuluma, awape vijana wetu ujasiri wa kurudisha kalamu mezani pale inapostahili kurudishwa, na aijalie kila safari yetu iwe ya kumwendea Yeye, na kila marejeo yetu yawe kwa wale aliotukabidhi. Amin.